Springi Haijui Juu ni Wapi

Kuna watu wanaonuniana wiki moja, wakachoka, wakacheka yakaisha. Fundi na wifi yake walinuniana miaka miwili na hakuna aliyechoka. Walifanya kazi kiwanda kimoja, wakaingia geti moja asubuhi, wakala mchana ukumbi mmoja wa chakula, kila mtu kainamia sahani yake kana kwamba imeandikwa barua. Wifi akiwa na la kumwambia Fundi, aliliandika kwenye karatasi. Fundi naye alijibu chini ya karatasi hiyohiyo, kwa herufi kubwa, ili mwenzake asije akasingizia kwamba hakuona.

Chanzo chenyewe kilikuwa kidogo, lakini kilichoma. Wifi ndiye aliyemwingiza Fundi kiwandani, miaka tisa nyuma, mwezi mmoja tu baada ya Fundi kuolewa na kaka yake. Alimwombea kazi ya kufagia. Fundi alifagia, lakini alifagia kwa kuchungulia: kila alipofika chumba cha juu, ambako mzee mmoja alikuwa akitengeneza mikono ya kupimia, ufagio ulipunguza mwendo. Mzee alimwona, akampa stuli, akampa bisibisi. Mzee alipostaafu, chumba kikawa cha Fundi, na ufunguo wake. Basi siku moja, mbele ya ukumbi mzima wa chakula, mtu akamsifu Fundi kwa kazi yake, na Wifi akasema bila hata kuinua macho, "Nani, huyo? Nilimleta mimi kufagia. Leo kapata bisibisi mfukoni, hata salamu anazitoa kwa mgao." Ukumbi ulicheka. Fundi naye akacheka, kicheko cha meno tu, na tangu siku hiyo hakumpa Wifi hata neno la pole.

Mkono wa kupimia, kwa asiyeujua, ni kama mkono wa mtu uliotengenezwa kwa mabomba mepesi. Una kitako cha kuukalisha, una bega, una kiwiko, una kiganja, na mwishoni una ncha yenye kishanga kidogo cha mviringo, mfano wa punje ya mtama. Mpimaji anaushika, anagusa chuma kwa kishanga hicho, hapa, pale, ndani ya tundu, na kompyuta inamwambia tundu lina upana gani, kwa hesabu ndogo kuliko unene wa unywele. Lakini mwepesi si kwamba hauna uzito. Ushike saa nane kwa siku uone, utadhani umebebeshwa mtoto wa jirani aliyekataa kutembea. Ndiyo maana ndani ya bega la mkono huo kumefichwa springi nene iliyosokotwa, inayonyanyua kwa nguvu ileile ambayo uzito unakandamiza. Springi ikilegea, mkono unaanguka. Ikizidi, mkono unaruka juu na mpimaji anashinda akiugombeza ushuke. Ikiwa sawasawa, unauacha hewani popote unapotaka na unabaki hapohapo, umetulia, kama kitu kilichowekwa juu ya rafu.

Kuifanya iwe sawasawa ndiyo ilikuwa kazi ya Fundi, na hapo hata adui zake walikubali. Alikuwa anaufunga mkono kwenye meza yake ya chuma, anafungua kifuniko cha bega, anageuza skrubu nusu mzunguko, anaunyoosha mkono mbele, anauachia. Anatazama. Robo mzunguko tena. Anauachia. Hakuondoka pale mpaka mkono usimame kila pembe bila kutetemeka. Halafu anaufunga kwenye sanduku lake, unashushwa kwa toroli hadi ukumbi wa chini kwa wapimaji, naye huyo anarudi kwenye stuli yake. Ukumbi wa chini hakuwa anaukanyaga. Huko ndiko aliko Wifi, na Fundi alikuwa radhi azunguke kwa mlango wa nyuma, penye matope na mapipa ya taka, kuliko kuiona sura ile kabla hajanywa chai.

Sasa wiki hiyo mteja alirudisha matumbo matatu. Matumbo ndiyo walivyoyaita yale maganda makubwa ya chuma ya pampu, marefu kuliko mtu, ambayo Wifi alikuwa akiyapima mojamoja. Yote matatu yalikuwa na cheti kinachosema matundu ya bolti yako mahali pake, na yote matatu bolti zilipofika ziligoma kuingia.

Meneja aliwaita wawili hao ofisini. Alikuwa mtu anayependa jambo liishe, liishe vipi hakujali sana. Hakuwapa viti.

"Mimi sina muda wa hadithi," alisema. "Ama mkono haukuwekwa sawa, ama mtu hakupima sawa. La tatu halipo."

"Bosi, mkono unavuta," Wifi akasema. Akafungua pochi yake kwa mkono wa kushoto, akatoa karatasi zilizokunjwa, akazipanga mezani kama mtu anayecheza karata. "Nimeandika. Mwaka jana nimeandika. Mwaka huu nimeandika mara tatu. Soma mwenyewe."

Meneja akasoma kwa sauti. "*Mkono unavuta kulia.* Jibu: *SPRINGI IKO SAWA.* *Mkono bado unavuta, bega linaniuma.* Jibu: *NIMEUPIMA HAUVUTI. ANAYEUMWA BEGA AENDE HOSPITALI SI KWA FUNDI.*" Akainua macho. "Hili jibu ni lako, Fundi?"

"Langu. Na ni kweli." Fundi alikuwa ameliandika kwa raha, akalisoma mara mbili kabla ya kulituma. "Bosi, mkono ukija kwangu naupima unasimama kama askari. Ukifika kwake unavuta. Mimi nifanyeje? Mwenye kijiba cha roho hata kivuli chake kitamsukuma."

"Loo! Kijiba cha roho!" Wifi alimgeukia Meneja, si Fundi. "Mwambie huyo mtu kwamba mimi nilipima kabla yeye hajajua rula inashikwa upande gani."

"Mwambie huyo mtu mimi namsikia," Fundi akasema.

Meneja alipiga meza kwa kiganja. "Ijumaa saa tatu asubuhi. Mtanionyesha mbele ya macho yangu. Kama kosa ni la mkono, Fundi, ufunguo wa chumba utanirudishia na utarudi kwenye ufagio, maana cheo kingine kwako sina. Kama kosa ni la mpimaji, mama, utakwenda kufungasha maboksi. Tokeni."

Walitoka pamoja kwa sababu mlango ulikuwa mmoja. Kwenye ngazi, Wifi alisimama kumpisha, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili akamwambia neno la mdomo.

"Ufagio wako bado upo pale stoo," alisema. "Niliuona juzi. Umekungojea."

Fundi alishuka ngazi bila kugeuka. Alikuwa na hasira, na ndani ya hasira hiyo kulikuwa na hofu, tena kubwa. Kufagia si aibu, alilijua hilo, mama yake alifagia akawalea. Lakini kufagia ukumbi uleule, chini ya miguu ya watu walewale, huku Wifi akiinua viatu ili apitishe ufagio! Afadhali aache kazi. Na akiacha kazi, Wifi atasema nini kwenye vikao vya ukoo? Atasema, mnaona, nilisema mimi. Hapana. Thubutu! Kwa hilo Fundi alikuwa tayari kuuma kwa meno.

Alhamisi alishinda na ule mkono mezani. Aliufungua bega lote, akaisafisha springi, akatia grisi mpya, akafunga ncha ileile ambayo Wifi anaitumia, na betri ileile kwenye kishikio, isije ikasemwa alipima kitu kingine. Akageuza skrubu robo, nusu ya robo, mpaka jasho likamwingia machoni. Jioni aliuachia mkono katika pembe kumi na mbili, moja baada ya nyingine, na mara zote kumi na mbili ulikaa pale alipouacha. Aliupigapiga begani kama mtu anavyompongeza ng'ombe. "Kesho useme ukweli," akauambia.

Ijumaa ilikuwa yake tangu mwanzo. Meneja alipanda chumba cha juu na Wifi nyuma yake, na Fundi akauonyesha mkono. Akaunyoosha mbele, akauachia: kimya. Akauinua, akauachia: kimya. Akaukunja kiwiko, akamwambia Meneja, "Jaribu mwenyewe, bosi." Meneja alijaribu kwa kidole kimoja, akasukuma juu, akasukuma chini, akatabasamu kama mtoto kwenye bembea.

"Huu mkono hauna neno," alisema.

"Ndivyo nilivyoandika," Fundi akasema. "Kwa herufi kubwa."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia. "Haya, hapa umesimama," alisema. "Hongera. Lakini mimi hapa sipimii. Aje aufunge kule ninakofanyia kazi, tuone."

"Chuma ni chuma," Fundi akasema. "Kule ndiko nini, mwezini?"

"Kama hakuna neno si uje? Unaogopa nini?"

Meneja alitazama saa yake, akaguna, akasema twendeni, lakini dakika tano tu.

Basi Fundi akashuka ukumbi wa chini kwa miguu yake, baada ya miaka miwili. Hakuutambua. Zamani wapimaji walikuwa na meza ndefu na vitu vya kupima vilikuwa vidogo, unaviweka mbele yako kama sahani. Sasa meza zilikuwa zimesukumwa ukutani, na katikati kumesimama tumbo moja la pampu, jeusi, refu kuliko Meneja, na pembeni yake nguzo ya chuma inayobeba paa. Mfanyakazi wa toroli aliutoa mkono sandukuni. Fundi alikuwa anatafuta kwa macho meza ya kuufunga. Wifi akauchukua, akakiinua kitako kwa mkono wa kushoto, akakibandika ubavuni mwa nguzo, sumaku iliyo chini yake ikalia *tak*. Mkono ukawa umetokeza kutoka kwenye nguzo kwa upande, umelala, kama tawi.

Fundi alielewa hapohapo.

Hakuhitaji hata kuuachia. Springi haijui juu ni wapi. Inajua upande mmoja tu, ule iliosokotewa, na ule upande unakuwa juu pale tu kitako kikiwa kimekaa wima kama mtu aliyeketi kitini. Kilaze kitako ubavu, na springi yote, na ile grisi, na ile nusu ya robo ya mzunguko, inavuta kwa nguvu zake zote kuelekea kulia, wakati uzito unaanguka chini bila mtu wa kuuzuia. Mpimaji anabaki katikati: mkono wake mmoja unauzuia ule wa kupimia usiende kulia, mwingine unauzuia usianguke, na mabomba yanapinda kidogo sana, kiasi cha unywele, kiasi cha bolti kukataa kuingia tunduni. Na kadiri Fundi alivyoisawazisha vizuri kule juu, ndivyo ilivyovuta vizuri huku chini.

"Uachie," Wifi akasema.

Fundi akauachia. Mkono ulizunguka kulia, ukaanguka, ncha ikagonga nguzo. Wifi aliunyanyua tena, kwa kulia, na alipofika usawa wa kifua uso wake ukajikunja, akasaidia kwa kushoto. Fundi aliliona hilo. Akajiambia anajidai, huyo, anamchezea bosi sinema. Alijiambia hivyo upesi sana.

"Umeona unavyovuta?" Wifi alimwuliza Meneja. "Mimi ni mwongo?"

Meneja alikuna kidevu. "Fundi. Mbona huku unafanya hivi?"

"Kabla hajajibu," Wifi akasema, "hapa kwenye nguzo nililetwa. Sikujileta. Tangu yaje haya matumbo marefu niliambiwa mkono hauyafikii kutoka mezani, ubandike hapo. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema, bosi."

Meneja akakohoa. Hakuonekana kupenda kukumbushwa. "Mimi nasema mambo mengi, mama. Namwuliza Fundi. Fundi, nipe neno moja. Ni mkono au ni mtu?"

Neno moja! Angepewa maneno kumi angeyasema yote. Angesema, bosi, si mkono na si mtu, ni mahali. Angesema, nilipaswa kushuka kuja kuona mkono unafungwa wapi, ndiyo kazi yangu, na sikushuka kwa sababu sitaki kuiona sura ya huyu. Lakini angesema hayo, na Meneja angesikia tu *nilipaswa* na *sikushuka*. Na mezani kwake kulikuwa na vyeo viwili vya kugawa, ufagio na maboksi. Fundi alimtazama Wifi. Wifi alikuwa ameinua kidevu, na pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na kile kicheko cha siku ile ya ukumbini. Au Fundi alikiona tu, kwa kuwa alikihitaji.

"Mimi naujibia mkono ukiwa kwenye meza yangu," Fundi akasema polepole. "Umeuona. Umesimama. Hapa anayeujibia ni anayeushika."

"Kwa hiyo ni mtu."

"Ni mtu."

Wifi hakupiga kelele. Fundi alikuwa amejiandaa kwa kelele, kwa matusi ya ukoo mzima mpaka kaburini kwa mababu, na alikuwa na majibu yake tayari. Wifi alivua tu miwani yake ya kazini, akaitia mfukoni kwa mkono wa kushoto, akaondoka.

Jioni mume alikuwa amekaa mezani kabla yake, chakula hajagusa. Habari ilikuwa imefika, habari za namna hiyo hazihitaji nauli.

"Umemtoa dada yangu."

"Kazi ndiyo iliyomtoa. Mimi ni meneja?"

"Nilikuuliza kama wewe ni meneja?" Akasukuma sahani. "Nilipita kwake leo. Nimemkuta mlangoni anamngoja binti wa jirani aje amfunge kilemba. Mkono wa kulia haupandi. Haupandi, unasikia? Anavaa gauni kwa kuliingilia chini kama suruali. Miezi saba sasa, na alinikataza nisikwambie."

"Kwa nini usiniambie?"

"Alisema utacheka."

Fundi alifungua mdomo aseme hangecheka, akaufunga. Angecheka. Angecheka mpaka machozi, na angelisimulia ukumbini.

"Nguo zake na mabega yake hayanihusu," alisema badala yake, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nilipokuwa nachekwa mimi, ulikuwa wapi wewe? Nilipokusimulia, ulicheka na wewe!" Wakalala wamepeana migongo.

Mpimaji mpya alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, mtaratibu, mwenye mikono mipana, na siku ya tatu akapanda chumba cha juu kwa miguu yake. Alibisha hodi. "Fundi," alisema, "samahani. Ule mkono unavuta."

Fundi hakumjibu kwa herufi kubwa wala ndogo. Alishuka naye. Alimtazama akihangaika pale kwenye nguzo, mtu wa miraba minne anavuja jasho kwa kitu ambacho mtoto angekishika kwa kidole, na hakuweza kuvumilia. Hilo lilikuwa juu ya uwezo wake. Angeweza kumdanganya Meneja, lakini kuuona mkono wake ukihangaishwa hivyo kila siku, aa wapi. Jumatano akaomba kipande cha bamba nene stoo, akakikata, akakikunja pembe mraba, akakichomelea kwenye nguzo usawa wa kiuno cha tumbo la pampu. Kikawa kiti. Kitako cha mkono kikakaa juu yake wima, kama kilivyokaa mezani kwake. Kazi yote, pamoja na kusubiri chuma kipoe, ilichukua saa moja na nusu. Saa moja na nusu! Mpimaji mpya alishika mkono, akaachia, akacheka kwa mshangao, akasema Mungu akupe maisha marefu. Fundi alitamani anyamaze.

Ijumaa, saa ya chakula, ukumbi wa chini ulikuwa mtupu. Fundi alikuwa anakagua ile kazi ya kuchomelea, anapitisha kidole kwenye mshono, aliposikia toroli linakuja. Lilikuwa limejaa maboksi matupu, na Wifi alikuwa analisukuma kwa mkono wa kushoto na tumbo. Alipofika usawa wa nguzo akasimama. Akakitazama kiti cha chuma. Akautazama mkono ulivyoketi. Fundi aliyaona macho yake yakipanda kutoka kitakoni hadi begani, hadi kiwikoni, hadi nchani, polepole, macho ya mtu aliyepima miaka ishirini na mbili.

"Hiki kimewekwa lini?" Wifi aliuliza.

"Juzi."

"Nani kakuagiza?"

"Hakuna."

Wifi aliacha toroli. Alijifuta kiganja cha kulia kwenye aproni, akashika kishikio cha mkono, akaanza kukipandisha. Alikunja uso kabla, kama mtu anayejua maumivu yanakaa wapi. Akafika kifuani. Uso ukabaki umekunjwa, ukisubiri, na hakuna kilichokuja. Mkono wenyewe ndio uliokuwa unapanda na kumchukua, mpaka bega lake likafika mwisho wake, chini kidogo ya shingo, likagoma. Akauachia. Mkono ukabaki hewani.

"Kumbe ni mwepesi hivi," alisema.

Fundi alirudisha kidole kwenye mshono. Kwa wiki nzima alikuwa akitunga majibu, kuoga anatunga, kupika anatunga, na yote yalikuwa ya kumjibu mtu anayetukana.

"Ile Ijumaa," Wifi akasema, bado anautazama mkono, "ulijua."

"Nilijua."

"Kabla hujamjibu bosi, au baada?"

Ingekuwa rahisi kusema baada. "Kabla," Fundi akasema. "Wifi, napanda kwa bosi sasa hivi. Namweleza yote, kwamba sikushuka, kwamba ni mimi. Unarudi hapa Jumatatu."

"Unaenda wapi?"

"Kwa bosi."

"Ebo! Ukae hapohapo." Wifi alimgeukia sasa, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Nilikuleta mimi hapa. Hunirudishi wewe. Ukipanda ngazi hizo nitasema bega hili ni bovu tangu ujana, niliteleza kisimani, nikawaficha wote. Nitasema nilipima vibaya na nilijua. Tuone bosi atamwamini nani, mimi ninayejishtaki au wewe unayejishtaki. Yeye anataka liishe, na kwake limeisha."

"Kwa nini? Kwa nini ufanye hivyo?"

"Daktari amesema halitapanda tena. Kwa hiyo hata ukinirudisha nitapimia nini, ulimi? Mkono wako mzuri, hongera. Huyo bwana mrefu atastaafu na mabega yake yote mawili." Akashika toroli. "Mimi hujanifanyia chochote, Fundi. Sitaki uje nyumbani na kanga ya kuniomba radhi, sitaki umtume kaka yangu. Ulilolijua ulijue peke yako. Kaa nalo."

Alilisukuma toroli kwa tumbo, likakwama kidogo kwenye ufa wa sakafu, akalipiga teke likapita. Fundi alibaki na mkono ule ulioganda hewani kando ya shavu lake. Alikuwa na aibu, aibu ya kweli, ile inayofanya mtu asijue aweke wapi mikono yake, na alitaka atukanwe, atukanwe sana, mbele ya ukumbi mzima ikiwezekana.

"Wifi!" aliita. Akaita tena, kwa sauti zaidi, "Wifi!"

Toroli halikusimama. Lilifika mlango wa maboksi, Wifi akaufungua kwa kiwiko cha kushoto, akaingia, na mlango ukajifunga wenyewe nyuma yake.